Lori Lisilovuja

Kwenye baraza la nyumba yetu ya Rusimbi kuna benchi la ubao mmoja wa mninga, na katikati ya ubao huo kuna kishimo kidogo, cha kukaa gololi moja. Wajukuu wa marehemu baba hukigombea kila wanapocheza. Juzi, arobaini yake ilipokwisha, mdogo wangu Idrisa alileta viti vya plastiki vya rangi ya samawati, akasema sasa lile benchi kuukuu lipasuliwe kuni. Nilimwambia akapasue kwanza kitanda chake. Alishangaa, maana mimi si mtu wa kupandisha sauti kwenye nyumba yenye msiba. Lakini yeye alizaliwa baadaye, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamweleza kile kishimo kilitoka wapi.

Aliponipa mgongo niliinama nikaunusa ule ubao. Harufu ya mawese na pamba ingalimo, kwa mbali sana, na nilipoipata tu nilisahau viti, nikamsahau na Idrisa.

Walio rika langu wanaukumbuka ufuko wa Ujiji wa miaka ile ya wakimbizi. Ulikuwa ukiamka asubuhi unakuta boti na mitumbwi mipya imeegeshwa, na pembeni yake watu wamekaa juu ya mikeka yao, wamekumbatia sufuria, wanalitazama ziwa walilolivuka kana kwamba linaweza kubadili mawazo likawarudisha. Walipopelekwa walikopelekwa, vyombo vyao vya majini vilibaki. Walikuwa wameviuza kwa unga, kwa blanketi, kwa chochote. Mvuvi wa kwetu aliyekuwa na haja ya boti hakuwa na sababu ya kumwendea fundi, na baba yangu, Fundi Hamisi, alikuwa fundi wa boti.

Sikumsikia hata siku moja akiwalaumu. Alisema tu, "Watu wamepona, mengine yatajulikana." Lakini tezo yake ya kuchongea mbao, ambayo sikuwahi kuiona imekaa bila kazi, ilitundikwa ukutani ikaanza kushika kutu, na yeye akawa anakaa chini yake kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mjomba Rajabu, kaka yake mama, ndiye aliyeleta habari ya lori. Alikuwa nalo lori lake kuukuu lililobaki kichwa, injini na chasisi, bodi yote ilishaoza. Yeye na mama wakapanga kuchukua dagaa na mawese, kupanda navyo milimani ambako kila siku kuna gulio la kijiji fulani, na kurudi na maharage, ndizi na kahawa. Kwa kuwa magulio yanafuatana na nyumba za wageni hakuna, tungelala humo humo ndani ya lori, tupikie humo, tuishi humo. Kilichokosekana ni bodi, na fundi tulikuwa naye ndani.

Mama hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimwambia baba mbele yetu sote, "Baba Zuhura, hili likishika, tunakula. Lisiposhika, hiyo tezo unaiuza, unakwenda kupiga tofali na wenzako. Mimi siwezi kupika sifa."

Zuhura ndiye mimi. Baba aliitazama tezo, akaitikia kwa kichwa.

Sasa, baba yangu alijua kuunda kitu kimoja tu duniani. Mngempa kazi ya kujenga choo, angekianza kwa mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Alitandika mkuku, akasimamisha mataruma kama mbavu, akapinda mbao za mninga kwa moto na maji, akazikalafati nyufa zake kwa pamba iliyolowekwa mawese, pigo kwa pigo, mpaka juu ya chasisi ya lori ikakaa boti. Boti kabisa, imechongoka mbele, nyuma pana. Hata kuipigilia bolti alikataa. Alisema hawezi kutoboa chombo chake mwenyewe, akakifunga kwa minyororo na vyuma vya kubana pembeni. Mlango haukuwapo. Mama alipouliza, baba alishangaa kwa dhati. "Boti gani yenye mlango?" Tukawa tunaingia kwa ngazi. Paa nalo lilikuwa turubai la kufunga na kufungua.

Ufuko mzima ulikuja kucheka. Mzee Feruzi, fundi mkubwa kuliko wote pale Ujiji, ambaye babu yake aliingia mjini kwa miguu na misafara ya pembe kutoka pwani na ambaye hakuacha watu wasahau, alilizunguka lori letu na bakora yake akagonga mbavu zake. "Fundi Hamisi," akasema, "umelikalafati vizuri sana. Litakapozama huko mlimani, utuletee habari."

"Likizama, Mzee, litakuwa la kwanza," baba akajibu, na watu wakacheka zaidi.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kinachoendelea. Siku tuliyopakia niliona kitanda chetu kikipandishwa kwa kamba, godoro la pamba likafuata, mikeka, sufuria, kinu, ndoo. Katika maisha yangu yote mpaka umri ule, watu niliowaona wakibeba mikeka na sufuria pamoja walikuwa wa aina moja tu. Tulikuwa tumeshakuwa wakimbizi, na baba alikuwa na akili kuliko wengine, ametuundia boti yenye magurudumu ili vita vikitukuta nchi kavu tutembee na vikitukuta ziwani tuelee. Tunamkimbia nani, sikuuliza. Watoto walioshuka ufukoni nao sikuwahi kuwaona wakiuliza. Nilikwenda kumuaga rafiki yangu wa jirani nikiwa na uso wa kiutu uzima, nikamwachia chungu changu cha kuchezea, kisha nikaficha kandambili zangu mpya za Idi chini ya godoro.

Tulitoka Ujiji asubuhi, tukapita Mwandiga watu wakijipanga barabarani kutazama boti inayokwenda kinyume na ziwa, kisha tukaanza kupanda. Jamani, ile milima! Sijapata tena safari kama ile, na nimeshapanda ndege. Barabara ilijizungusha, lori likakoroma, na kila kona ilifungua bonde jipya, migomba imejaa mpaka kwenye kingo za vijito, moshi wa majiko ukitoka katikati ya majani bila nyumba kuonekana. Mimi nilikaa omo, mbele kabisa pale palipochongoka, upepo ukinipiga usoni. Tulipofika juu karibu na Kalinzi baba alinigeuza mabega, akanionyesha nyuma. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, limetulia, na ng'ambo yake milima ya Kongo imepauka kwa mbali. Lile ziwa lililomeza watu nilikuwa naliziba kwa viganja viwili.

Maisha ya ndani ya lori yalikuwa matamu kuliko ya nyumbani. Baba na mama walilala nyuma, upande wa tezi, wamejitenga kwa khanga iliyotungwa kwenye kamba. Mimi nililala omo. Mjomba Rajabu alilala kwenye kichwa cha lori miguu ikitoka dirishani, na alfajiri ukungu ulipopanda kutoka mabondeni, miguu yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulalamika. Mama alipika pembeni ya gurudumu. Harufu ya kahawa inayoanikwa kwenye vichanja ilichanganyika na ya dagaa wetu, na mpaka leo moja nikiinusa naitafuta nyingine.

Wenyeji walikuja kutazama. Waha wana salamu ya kukaa chini ukaipokea, wanapiga makofi taratibu, wanainama, wanakuulizia wewe na nyumba yako na mifugo ambayo huna. Mama, aliyefundishwa Kiha na mama yake, aliitikia zote bila kuruka. "Mwakeye!" "Mwakeye namwe!" Watoto walilikimbilia lori wakipiga kelele, "Ubwato! Ubwato!", yaani mtumbwi. Na waliponiuliza tunatoka wapi, niliwajibu ukweli niliokuwa nao. "Tumekimbia. Tumetoka Ujiji."

Wanawake walinishika kichwa wakasikitika, wakanipa ndizi mbivu. Gulio la kwanza ndizi, la pili ndizi na muwa. Mama alishindwa kuelewa kwa nini watu wa milimani walikuwa wakimnunulia dagaa kwa sauti ya pole.

Gulio ambalo siwezi kulisahau lilikuwa la kijiji kimoja juu ya mgongo wa mlima, kule barabara inakoelekea mpakani. Tulikuta kiwanja cha shule kimejaa watu. Walikuwa wakimbizi waliovuka mpaka kwa miguu siku zile zile, wengine hawana hata mkeka. Malori ya maji waliyoahidiwa yalikuwa hayajaonekana. Chemchemi ilikuwa bondeni, mteremko wa kushika majani, na watu wengi walikuwa wameikanyaga mpaka ikawa tope. Watoto walishaanza kuhara. Mama aliwatazama wale watoto, akatandaza turubai letu chini ili apange dagaa juu yake.

Ndiyo, turubai. Paa letu lote liliwekwa chini, kwa sababu kiangazi kilikuwa kikali na hakuna aliyekuwa na mawazo ya mvua.

Ilikuja alasiri, mvua ya kwanza ya mwaka, ile isiyobisha hodi. Kila mtu aliokota alichoweza. Sisi tulijibanza kwenye ukumbi wa duka tukiwa na dagaa wa juu ya turubai tu, na ilipokatika tukalikimbilia lori. Baba alipanda ngazi wa kwanza. Akasimama juu. Mama akapanda, akapiga ukelele. Nikapanda mimi nikachungulia katikati yao.

Lori lilikuwa limejaa maji. Shehena nzima ya mawingu ilikuwa imeingia mle na hata tone moja halikuona njia ya kutokea. Magunia ya dagaa yalikuwa yamelala majini, madebe ya mawese yanagongana, mwiko unaogelea, na kandambili zangu za Idi zimetoka mafichoni, zinazunguka polepole, moja ikiifuata nyingine.

Mjomba Rajabu alichungulia kwa upande wake. Angenyamaza ingekuwa heri. Akasema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Mama alimrushia mwiko, kisha akamgeukia baba, na siwezi kuandika yote aliyosema. Kwamba duniani kote lori linavuja, malori ya watu wenye akili yanavuja, isipokuwa lake. Kwamba maji ya boti hutoka chini, sawa, lakini hivi baba hakuwahi kusikia kwamba huku juu kuna mbingu? Dagaa waliolowa hawangefika kesho. Mtaji wetu wote ulikuwa mle. "Toboa," akamwambia. "Toboa hilo dude maji yatoke, na tukifika nyumbani ujue na tezo imekwenda."

Baba alifungua sanduku la vifaa akatoa keekee ya kutobolea mbao. Nilimfuata, nikamwona akilala chali matopeni chini ya lori, akaiweka ncha ya keekee kwenye ubao wa chini, karibu na mkuku. Sikuwahi kuwaona watu wazima wakilia kwa mikono, lakini mikono ya baba ililia siku ile. Fundi wa boti anaziba. Maisha yake yote anapigana na tundu, na hili lilikuwa chombo chake bora kuliko vyote. Akazungusha mara moja, unga kidogo wa mninga ukamwangukia shingoni.

"Amahoro, Baba."

Mwanamke alikuwa amechutama pembeni ya gurudumu, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Nyuma yake alisimama msichana wa umri wangu, kichwa kimenyolewa, macho makubwa. Nilikuja kuwajua. Alikuwa Mama Keza, na yule msichana ndiye Keza.

"Amani, mama," baba akajibu kutoka chini kule.

"Unisamehe, Baba. Ayo maji mutayamwaga?"

"Tunayamwaga. Yana dagaa, mama."

"Usiyamwage. Kule bondeni ni tope tupu." Akainua macho kuzitazama mbao, akapitisha mkono wake chini ya lori, akautazama. "Yote ayo yamo humo, na chini kukavu? Haivuji?"

"Haivuji," baba akasema. Hata pale, amelala matopeni, sauti yake ilikuwa na kiburi kidogo.

"Sasa mbona unaitoboa?"

Nilimwona baba akiutazama ule ubao kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Kisha akaichomoa keekee, akatoka chini ya lori, akapanda ngazi, akamjazia Mama Keza ndoo yake.

Jioni ile mama, aliyekwisha kuipoteza mali yake, aliamua kuipoteza vizuri. Aliazima masufuria ya shule, akawapika dagaa wote waliolowa kwa maji yale yale, wakaliwa kiwanja kizima. Mchuzi ulikuwa na ladha ya ziwa na turubai, na sijasikia aliyelalamika. Bado alikuwa amekasirika. Alimimina kwa hasira, akihimiza kwa hasira, "Kula wewe, unamtazama nani?"

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetueleza habari ya mto. Chini ya mlima, barabara inapopita darajani, kulikuwa na maji safi ya kutiririka ambayo gari lingeweza kuyafikia. Kwa mtu mwenye ndoo kichwani, tena mgonjwa, ilikuwa mbali mno. Wote wakamtazama baba. Baba akamtazama mama.

"Na kitanda changu?" mama akauliza. "Na sisi tutalala wapi?"

Mtoto wa mgongoni kwa Mama Keza alikuwa ameanza kulia, kilio kile kikavu kisicho na machozi. Mama akavuta pumzi, akapanda ngazi mwenyewe, na kitu cha kwanza kilichotoka juu ya lori kilikuwa mto wa kulalia, ukafuatiwa na kitanda.

Keza alisimama kando yangu tukakitazama kikishushwa. "Munatoka wapi?" akaniuliza.

"Tumekimbia," nikamwambia. "Sisi ni wakimbizi wa Ujiji."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akacheka mpaka akashika magoti. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akicheka. "Wewe si impunzi," akasema, ndilo neno lao la mkimbizi. "Impunzi gani ana kitanda?"

Niliona aibu, kisha nikaona nafuu kubwa iliyonipitia mwili mzima, ingawa sikujua niipe jina gani. Nikamwonyesha kitanda pale chini kwenye matope. "Basi sasa hatuna."

"Mutakipandisha tena," Keza akasema. Alikuwa na hakika kuliko mimi.

Kulikuwa na tatizo moja, na baba ndiye aliyeliona. Boti huzibwa kwa nje, kwa sababu maji husukuma kutoka nje kuingia ndani. Maji ya mvua hayakufika juu sana, na lori lilikuwa limesimama, lakini mzigo kamili wa mto, kwenye barabara ya mashimo, ungezisukuma zile pamba zitoke nje. Ilibidi boti izibwe upya kwa ndani, kinyume na kila alichofundishwa. Mawese tulikuwa nayo. Pamba ndiyo iliyokosekana. Mama akalitazama godoro lake lililolowa, akaomba kisu.

Kesho yake pamba ya godoro letu ilianikwa kwenye vichanja vya kahawa, na jua likaja kwa wakati. Mimi na Keza na watoto wengine tulikaa tukiisokota kuwa kamba, tukiichovya kwenye mawese, mikono ikawa myekundu mpaka viwikoni. Baba aliipigilia kwenye kila kiungo cha mbao, nyundo yake ikisikika kiwanja kizima. Wanaume waliokaa kimya tangu wavuke walisogea mmoja mmoja, wakashika kamba, wakashika mbao, na mmoja wao, mvuvi wa upande wao, akaanza kumwimbia pigo lake. Baba aliitikia. Nyimbo za kukalafati kumbe zinafanana pande zote za ziwa.

Tulishuka mtoni na watu wa kujaza. Walipanga mstari, ndoo zikapanda mkono kwa mkono, maji yakapanda mle ndani mpaka mataruma yakafichika. Baba alikuwa chini ya lori muda wote. Kisha Mjomba Rajabu akawasha, tukaanza kupanda, sisi wengine kwa miguu nyuma.

Kwenye kona ya kwanza kali maji yalijikusanya upande mmoja, lori likainama kuelekea bondeni. Likarudi, likainama tena zaidi. Wimbi lilikuwa limezaliwa mle ndani na kila tairi likigusa shimo liliongezeka. Mjomba akapiga honi kwa hofu, kana kwamba kuna mtu wa kumpisha. Niliona tairi za upande wa mlima zikinyanyuka kidogo.

"Rajabu, simama!" mama akapiga kelele. Alikuwa tayari yuko kwenye migomba ya watu, anavunja majani. "Majani! Leteni majani! Ndoo ni ndoo, hata ikiwa na injini!"

Kila mwanamke pale alielewa papo hapo, kwa sababu nani kati yetu hajawahi kubeba ndoo kichwani na jani juu yake ili maji yasichezecheze? Tuliyatupia majani ya migomba mpaka maji yakafunikwa kabisa, mapana kwa mapana. Mjomba akaondoa lori taratibu. Wimbi lilijaribu kuinuka, likazimika chini ya majani. Kona ya pili, ya tatu, na lori likapanda limetulia kama bibi harusi.

Tulipotokea kiwanjani walikuwa wamesimama wote, hata waliokuwa wakilala. Vigelegele vilianza kwa wenyeji, vikapokewa na wale wa ng'ambo ya mpaka kwa namna yao, juu zaidi, vikavuka bonde vikarudi. Mjomba alishuka akawa anapunga mkono kama waziri. Baba hakushangilia. Alijitosa chini ya lori, na mimi nikajitosa pamoja naye. Alianza omo, akapitisha kiganja kwenye kila ubao, polepole, mpaka tezi. Kisha akageuka, akanifungulia kiganja chake mbele ya uso wangu.

Kilikuwa kikavu. Kikavu kabisa, vumbi limeshikana kwenye mistari yake. Baba yangu alianza kucheka, tumelala pale chini na furaha ya mlima mzima juu yetu, akacheka mpaka machozi yakamtiririkia masikioni.

Lori lile lilipanda na kushuka mpaka malori ya maji yaliyoahidiwa yalipofika. Mtoto wa Mama Keza aliacha kuhara, akaanza kunivuta nywele. Tulilala nje pamoja nao, mimi na Keza mkeka mmoja, na nilijua majina ya ng'ombe wao wote walioachwa. Siku magari yalipokuja kuwachukua kuwapeleka kambini, nilizivua miguuni kandambili zangu za Idi nikampa Keza. Alizivaa, akanitazama nilivyosimama peku. "Karibu sasa unakuwa impunzi," akasema, na tukacheka, na gari lilipokata kona nililia kwa sauti, bila aibu. Sijui aliko. Popote alipo, namwombea kitanda kipana.

Tuliporudi Ujiji habari ilikuwa imeshatutangulia. Ufuko ulijaa. Baba hakumsalimia mtu. Alimwambia Mjomba Rajabu arudishe lori kinyumenyume mpaka magurudumu yakanywa maji, akafungua minyororo, akatoa vyuma vya kubana, na wanaume wakasukuma. Ile boti iliteleza ziwani, ikazama kidogo, ikainuka, ikatulia. Mimi nilikuwa omo, mahali pangu. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo kwamba siku moja itaelea, na kati ya watu wote wa Ujiji ni mimi peke yangu niliyekuwa nimejua. Nikageuka kuwatazama tunaowakimbia, nikamwona mama amesimama maji ya magotini, mkono kiunoni. "Zuhura, shuka uje ule!" Wakimbizi hawaitwi kula nyumbani.

Mzee Feruzi alivua makubazi, akapanda bila kuombwa. Alipiga magoti, akapapasa sakafu, akapapasa pembe, akanusa vidole vyake. Alitafuta unyevu kama anayetafuta sindano. Aliposimama alimtazama baba.

"Umekalafati na kwa ndani," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Nani kakufundisha?"

"Mvua."

Mzee Feruzi alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Wavuvi wakaanza kumzunguka baba kabla hajatoka majini. Mama aliitoa tezo ukutani yeye mwenyewe, akaifuta kutu kwa upindo wa khanga yake, akaiweka mlangoni.

Haya yote nilimweleza Idrisa juzi, yeye kakaa kwenye kiti chake cha samawati, mimi kwenye benchi. Boti ile ilivua miaka mingi, ilipochoka baba alitoa ubao mmoja tu, ule wenye alama ya keekee, akaufanyia miguu. Idrisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha, kama kawaida yake, akasema huenda kishimo chenyewe kimeoza chini. Sikubishana naye. Nilichukua maji kwenye birika, nikakijaza kishimo mpaka kikawa kinameta. Tukakaa. Watoto wakaacha gololi wakaja kutazama. Baada ya muda nikapitisha kiganja chini ya ubao, polepole kama nilivyofundishwa, nikamfungulia mdogo wangu mbele ya uso wake.

Kikavu.